Samurai kwa anayeanza kabisa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu huuliza wakishamaliza muvi au katuni ya Kijapani na wakabaki na hamu. Pale penye mambo nimejibu kwa kirefu, pale ambapo hamna kitu nimepita haraka. Jambo moja tu ulishike mapema: ukihesabu tangu uasi wa Taira no Masakado mwaka 939 mpaka serikali ilipopiga marufuku kutembea na panga mwaka 1876, hiyo ni zaidi ya miaka 900. Kwa hiyo mtu akikwambia "samurai walikuwa wanafanya hivi na hivi", muulize kwanza, samurai wa mwaka gani?

Samurai walikuwa akina nani hasa?

Mwanzoni walikuwa watu wa bara huko, wa mikoani. Mji mkuu Kyoto ulianzishwa mwaka 794 na wakubwa wa ikulu walikuwa bize na mashairi, nguo za hariri na vyeo, sasa kule mbali nani alinde mashamba, nani akusanye kodi, nani apambane na majambazi? Ndo zikatokea koo za wapiganaji wenye farasi na pinde, wanakodishwa na wakubwa, wanapewa vyeo vidogo vidogo na haki kwenye ardhi. Koo mbili zikakua kuliko zote, Taira na Minamoto, na zote mbili zilikuwa na damu ya kifalme kwa mbali, yaani wajukuu wa wafalme waliokosa nafasi ikulu wakapelekwa kutafuta maisha mikoani.

Kati ya mwaka 1180 na 1185 koo hizo zikapigana vita kubwa ambayo ndo inabadilisha kila kitu. Iliishia baharini Dan-no-ura, Taira wakazama na mfalme wao mtoto, Antoku, bibi yake akiruka naye majini. Mshindi, Minamoto no Yoritomo, hakumuondoa mfalme mpya Kyoto, alimuacha hapohapo na heshima zake zote, yeye akakaa Kamakura na mwaka 1192 akapewa cheo cha shoguni. Kuanzia hapo mpaka 1868 Japani ina mfalme mwenye utukufu na kwa sehemu kubwa ya muda huo mwenye mamlaka ya kweli ni mwanajeshi. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya historia yenyewe.

Shoguni, daimyo, samurai, ronini... nani ni nani?

Mfalme yuko juu kwa jina. Shoguni ndo bosi wa wapiganaji wote. Daimyo ni bwana wa eneo, ana ngome yake, jeshi lake, kodi zake. Samurai anamtumikia daimyo au shoguni moja kwa moja. Ronini ni samurai asiye na bwana, labda bwana kafa, kanyang'anywa eneo, au mwenyewe kafukuzwa, na kwenye muvi anaonekana mtu huru mwenye staili yake ila maisha halisi ya ronini wengi ilikuwa njaa na kuhangaika kutafuta ajira. Halafu kuna ashigaru, askari wa miguu wa chini, wengi walitoka kwa wakulima, na vitani ndo walikuwa wengi kuliko wote ingawa hakuna anayewachora.

Ni kweli silaha yao kuu ilikuwa upanga?

Hapana, na hapa ndo wengi wanashtuka. Kwa miaka mingi sana samurai alikuwa mpiga mshale juu ya farasi. Maisha yao wenyewe waliyaita njia ya upinde na farasi. Upinde wao unazidi mita 2 kwa urefu na haushikwi katikati, unashikwa chini ya katikati, kama theluthi moja kutoka chini. Baadaye vita vikawa vya majeshi makubwa ya miguu, mkuki ukachukua nafasi, maana elfu moja wenye mikuki mirefu wakisimama pamoja hata farasi anafikiria mara mbili. Halafu mwaka 1543 Wareno wakafika kisiwa cha Tanegashima na magobore, na mafundi wa Japani hawakuchelewa, ndani ya miaka michache wanatengeneza ya kwao. Mwaka 1575 pale Nagashino, daimyo Oda Nobunaga aliweka wapiga gobore nyuma ya uzio wa miti na akawavunja wapanda farasi wa ukoo wa Takeda, ukoo uliokuwa unaogopwa nchi nzima.

Upanga ulikuwepo muda wote, sawa, ila vitani ulikuwa wa akiba, wa pale mkuki umevunjika au mko uso kwa uso. Ulipata utukufu wake mkubwa baada ya vita kuisha, enzi ya Edo (1603 mpaka 1868, mashoguni wa ukoo wa Tokugawa wakitawala kutoka Edo, Tokyo ya leo), ambapo kutembea na panga mbili kiunoni, katana ndefu na wakizashi fupi, ndo kilikuwa kitambulisho chako cha samurai. Barabarani watu wanakupisha kwa sababu ya hizo panga, sio kwa sababu umewahi kuua mtu.

Katana inakata chuma? Inakunjwa mara elfu?

Haikati mtutu wa bunduki, acha hizo. Na haikunjwi mara elfu, inakunjwa kama mara 10 mpaka 15, ila kwa sababu kila ukikunja unazidisha mara mbili, tabaka zinafika maelfu, ndo uvumi unapotokea. Chuma chenyewe kinaitwa tamahagane, kinapatikana kwa kuchoma mchanga wa chuma na mkaa kwenye tanuru la udongo. Kinatoka hakiko sawasawa, sehemu hii ngumu sehemu ile laini na uchafu ndani, kwa hiyo fundi anakunja na kugonga ili kitoke uchafu na ugumu usambae. Hamna uchawi, ni njia ya watu wenye malighafi ngumu.

Kizuri kipo kwenye kupoza. Fundi anapaka udongo mzito mgongoni mwa upanga na mwepesi kwenye makali, anaupasha moto, anautumbukiza kwenye maji. Makali yanapoa haraka yanakuwa magumu, mgongo unapoa taratibu unabaki na unyumbufu kidogo, na ule mpinduko unaouona unajiongeza palepale kwenye maji. Ule mstari kama wimbi unaotembea pembeni ya makali ndo alama ya kazi hiyo. Mi naona hilo ni zuri kuliko hadithi zote za kukata mawe.

Bushido ni sheria gani? Naweza kuipata orodha yake?

Hamna orodha. Hakukuwa na katiba moja ya bushido, yaani njia ya mpiganaji, ambayo kila samurai anaapishwa nayo. Kila ukoo ulikuwa na kanuni za nyumbani, mababa waliwaandikia watoto wao mawaidha, na mwaka 1615 serikali ya Tokugawa ilitoa sheria za nyumba za wapiganaji, ila zile ni mambo ya utawala, usikarabati ngome bila kibali, usioane na familia kubwa bila ruhusa, fanya mazoezi ya silaha na pia usome.

Vile vipande vinavyozunguka mtandaoni vimetoka sehemu mbili zaidi. Ya kwanza ni Hagakure, maneno ya Yamamoto Tsunetomo wa Saga, yakaandikwa na kijana aliyekuwa anamsikiliza, kazi ikakamilika mwaka 1716 hivi. Ule usemi kwamba njia ya samurai inapatikana kwenye kifo umetoka humo. Sasa angalia tarehe. Vita kubwa ya mwisho karibu na hapo ni Shimabara, 1637 mpaka 1638, na Tsunetomo alizaliwa 1659. Huyu ni karani wa daimyo, mtu wa amani, bwana wake alipofariki mwaka 1700 alitaka kumfuata kaburini lakini hiyo desturi ilikuwa imepigwa marufuku, akaishia kuwa mtawa, na analalamika kwamba vijana wa siku hizi wanaongea hela na nguo tu. Ya pili ni kitabu cha Nitobe Inazo cha mwaka 1900, kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa Magharibi, na mtu aliyezaliwa 1862 ambaye samurai wanafutwa yeye bado mtoto. Zile fadhila saba unazoziona kwenye mabango zinatokana na sura zake. Sio kwamba vitabu hivi ni vya uongo, visome, lakini ujue ni watu wanaokumbuka kitu kilichopita au wanakitamani.

Lakini si walikuwa waaminifu mpaka kufa?

Wengine ndio. Ila ukitaka kujua uaminifu ulivyokuwa kwenye enzi za vita zenyewe, angalia matukio yaliyoamua nchi. Nobunaga, aliyekuwa karibu kuiunganisha Japani yote, aliuawa mwaka 1582 hekaluni Honno-ji Kyoto, na aliyemzingira ni jenerali wake mwenyewe Akechi Mitsuhide. Sekigahara, Oktoba 1600, vita iliyompa Tokugawa Ieyasu nchi, iligeuka pale Kobayakawa Hideaki alipobadili upande katikati ya mapigano na kushuka mlimani kuwapiga wenzake. Halafu ndo kizazi hichohicho kinakuja kuhubiriwa uaminifu.

Na uaminifu ulikuwa na bei. Kuna samurai mmoja nampenda sana anaitwa Takezaki Suenaga. Wamongolia wa Kublai Khan walivamia ghuba ya Hakata mwaka 1274, Suenaga akawa kati ya wa kwanza kuwavamia, farasi wake akapigwa mshale, nusura afe. Vita imeisha, zawadi hamna, kwa sababu mkiwafukuza wavamizi hamjapata ardhi mpya ya kugawana. Jamaa hakukaa kimya, alisafiri kutoka kisiwa cha Kyushu mpaka Kamakura mwenyewe kudai haki yake, akapambana mpaka akasikilizwa, akapewa ardhi na farasi. Wamongolia waliporudi 1281 akapigana tena, na baadaye akaagiza achorewe picha ndefu za kukunja zinazoonyesha alichofanya, ikiwemo ile ya yeye ofisini anadai malipo. Zipo mpaka leo na ndo moja ya vyanzo bora tulivyonavyo vya vita ile. Huyo ndo samurai wa miaka ya 1200, mwambie habari za kufa bure bila malipo akushangae.

Harakiri, yaani seppuku, walifanya kila wakikosea?

La. Ni kujiua kwa kujipasua tumbo, na ilianza kama njia ya mpiganaji aliyeshindwa kukataa kutekwa, mfano wa zamani unaotajwa sana ni Minamoto no Yorimasa, Uji, 1180. Enzi ya Edo ikawa adhabu ya heshima kwa samurai, tofauti na kukatwa kichwa kama mhalifu wa kawaida, na nyuma yako anasimama msaidizi wa kukukata shingo usiteseke. Kuna waliowekewa feni ya kukunja ya mkononi badala ya kisu, wakiigusa tu msaidizi anamaliza. Kama adhabu ya kisheria ilifutwa 1873. Konishi Yukinaga, daimyo Mkristo aliyeshindwa Sekigahara, alikataa kujiua kwa sababu ya dini yake akakatwa kichwa.

Yasuke alikuwepo kweli? Na alikuwa Mwafrika wa kwetu?

Yasuke ni yule mtu mweusi aliyemtumikia Nobunaga, na alikuwepo, hilo halina ubishi. Ametajwa kwenye barua za Wajesuiti, yaani wamisionari Wakatoliki, na kwenye maandishi ya Wajapani wa wakati huohuo. Alifika Japani 1579 akiwa na padri Mwitaliano Alessandro Valignano, na mwaka 1581 Kyoto watu walijazana kumuona mpaka ikawa fujo, Nobunaga akasikia kelele akaagiza aletwe. Hakuamini rangi yake, akaamuru avuliwe nguo juu na asuguliwe maji, na alipoona ni rangi yake kweli akafurahi, akaomba abaki naye. Mmoja wa waandishi wa shajara wa wakati ule ameandika urefu wake, ukibadilisha vipimo ni kama sentimita 188, kwa Japani ya siku hizo huyo ni mnara. Nobunaga alimpa nyumba, posho na upanga mfupi.

Kuhusu kwao, Mjesuiti Mfaransa aliyeandika miaka ya 1600 anasema ni Msumbiji, na inaingia akilini kwa sababu meli za Wareno kwenda Goa zilipita Msumbiji na Valignano mwenyewe alipita njia hiyo mwaka 1574, na Wareno walichukua watu wengi wa pwani yetu ya mashariki kwenda India, wengine utumwani, wengine kama askari na walinzi. Wapo wanaosema Ethiopia au Sudan ya leo pia. Kwa hiyo usimpe kabila, hata kama inatamanisha.

Alikuwa samurai? Hapo ndo watu wanatoana macho mitandaoni, hasa tangu gemu moja kubwa iliyotoka 2025 imuweke mbele. Wanaosema ndio wanataja nyumba, posho, upanga na kuwa karibu na bwana. Wanaosema hapana wanataja kwamba hana jina la ukoo kwenye maandishi wala hajaitwa hivyo wazi. Mimi namuona kama mtumishi wa kivita wa Nobunaga, na mwaka 1581 mipaka ya nani ni samurai ilikuwa bado haijafungwa, Toyotomi Hideyoshi mwenyewe alitoka familia ya chini kabisa akawa mtawala wa Japani. Siku ile ya Honno-ji Yasuke alikuwepo, akaenda kupigana upande wa mtoto wa Nobunaga mpaka alipozidiwa, akasalimisha upanga wake. Mitsuhide akasema kwa dharau kwamba huyu ni mnyama na sio Mjapani, apelekwe kwa mapadri. Baada ya hapo maandishi yananyamaza.

Wanawake je?

Walikuwepo, ila kwa namna nyingi. Tomoe Gozen unayemuona kwenye michoro yote anatoka kwenye simulizi za vita ya 1180, nje ya simulizi ushahidi wake ni mdogo. Hojo Masako, mke wa Yoritomo, huyo ni historia kavu: mumewe alikufa 1199, yeye akanyoa akawa mtawa lakini ndo akawa nguvu nyuma ya serikali, na mwaka 1221 mfalme mstaafu alipoinuka dhidi ya Kamakura ni yeye aliyewakumbusha wapiganaji wema wa marehemu mumewe wakaenda vitani na kushinda. Na mwaka 1868, Aizu, Nakano Takeko aliongoza kikosi cha wanawake wenye naginata, ule mkuki wenye ubapa wa upanga, dhidi ya jeshi lenye bunduki za kisasa. Alipigwa risasi, na kichwa chake kilichukuliwa na ndugu zake kisiangukie kwa adui.

Kwa nini wakati wa amani samurai walikuwa maskini?

Swali zuri na ni watu wachache wanaliuliza. Hideyoshi mwaka 1588 aliwanyang'anya wakulima silaha, na 1591 akaweka amri kwamba mpiganaji asigeuke mkulima wala mkulima asigeuke mpiganaji, mlango aliopitia yeye mwenyewe akaufunga. Tokugawa wakaendeleza. Samurai akahamishiwa mjini chini ya ngome ya bwana wake, hana shamba, anaishi kwa mshahara wa mchele.

Mchele unapimwa kwa koku, koku moja ni kama lita 180, kilo 150 hivi, chakula cha mtu mmoja mwaka mzima. Daimyo ni mwenye eneo la koku 10,000 kwenda juu, ukoo wa Maeda wa Kaga ulizidi milioni moja, na samurai wa chini anapata makumi tu. Sasa wewe unalipwa mchele lakini unanunua viatu, mafuta ya kuwashia taa, dawa na sherehe za harusi kwa hela taslimu, kwa hiyo inabidi uuze mchele kwa madalali, na madalali hao ndo wanakukopesha kwa kushika mchele wako wa msimu ujao. Bei ya mchele ikishuka umekwisha. Bei ya vitu inapanda, koku zako ni zilezile alizopewa babu yako. Osaka, soko la Dojima, wafanyabiashara walikuwa wanauziana mchele ambao bado haujafika, na serikali iliutambua mfumo huo rasmi mwaka 1730, ndo maana wanauchumi hulitaja kati ya masoko ya kwanza ya aina hiyo duniani.

Juu ya hapo kulikuwa na sheria ya 1635: kila daimyo akae Edo kwa zamu, kwa kawaida mwaka huu Edo mwaka ujao kwake, na mke na watoto wabaki Edo moja kwa moja, yaani dhamana. Kila safari ni msafara wa mamia au maelfu ya watu, nyumba mbili za kuhudumia, bajeti inakatika. Daimyo akiishiwa anakata mishahara ya samurai wake, anaiita "mkopo", na samurai anarudi nyumbani kutengeneza miavuli ya kuuza huku panga zake mbili zimening'inia ukutani. Mfanyabiashara ambaye kwa cheo yuko chini yake ndo anayemdai.

Wale ronini 47 ni hadithi au kweli?

Ni kweli, ila imepambwa. Mwaka 1701 daimyo Asano Naganori alichomoa upanga ndani ya ngome ya Edo akamjeruhi ofisa Kira, kosa kubwa, akaamriwa kujiua siku hiyohiyo na ukoo wake ukavunjwa. Watumishi wake wakiongozwa na Oishi Kuranosuke walisubiri karibu miaka miwili, kisha usiku mmoja wa baridi, Januari 1703 kwa kalenda yetu, wakavamia nyumba ya Kira, wakamuua, wakapeleka kichwa kaburini kwa bwana wao. Serikali ikakwama: wamelipa deni la bwana wao lakini wamevunja sheria. Mwisho wakaamriwa kujiua 46, mmoja hakuwemo kwenye hukumu. Makaburi yao yapo hekalu la Sengakuji Tokyo na watu bado wanapeleka ubani. Tsunetomo wa Hagakure aliwakosoa, alisema walichelewa mno, je Kira angekufa kwa ugonjwa hapo kati?

Na ninja?

Majasusi na watu wa kazi za siri walikuwepo, sehemu za Iga na Koga zilisifika kwa hilo, na Nobunaga aliivamia na kuiharibu Iga mwaka 1581. Zile nguo nyeusi tii sahau, jasusi mzuri anavaa kama mchuuzi au mtawa. Na wengine walikuwa samurai wenyewe, hizi hazikuwa timu mbili zinazochukiana.

Miyamoto Musashi alikuwa bora kuliko wote?

Huyu mpiga upanga anasema mwenyewe alipigana zaidi ya mara 60 hakushindwa, na aliandika hivyo uzeeni, akiwa kwenye pango karibu na Kumamoto, akafa 1645. Kwamba alikuwa hatari sina shaka. Ila wengi wa kumjibu walikuwa wameshakufa.

Waliishaje?

Waliisha kwa makaratasi zaidi kuliko kwa risasi, na waliowamaliza ni samurai wenzao. Mwaka 1853 meli za Marekani za Komodoo Perry ziliingia ghuba ya Edo na mizinga, serikali ya shoguni ikaonekana haina jibu, na samurai wa vyeo vya chini kutoka maeneo ya Satsuma na Choshu wakaongoza kuiangusha kwa jina la mfalme mwaka 1868. Wakishashika nchi wakafanya hesabu: wapiganaji hawa wanakula sehemu kubwa ya mapato na hawana kazi. Maeneo ya madaimyo yakafutwa 1871, jeshi la kuandikishwa kwa wote, mkulima na mfinyanzi, likaja 1873, na 1876 panga zikapigwa marufuku na mishahara ya mchele ikageuzwa hati fungani za serikali, nyingi zikaisha thamani mikononi mwao.

Saigo Takamori, mmoja wa walioileta serikali hiyo, akaongoza uasi Satsuma mwaka 1877. Muvi zinapenda kuonyesha panga dhidi ya bunduki, lakini watu wa Saigo walianza na bunduki na mizinga pia, panga zilibaki pale risasi zilipoisha, na tarehe 24 Septemba wakamalizwa kilima cha Shiroyama. Jeshi lililowashinda lilijaa watoto wa wakulima. Miaka 21 baadaye serikali ilikuwa imeshamsamehe na sanamu yake ikasimamishwa bustani ya Ueno, kavaa nguo za kawaida, kashika mbwa.

Wengine waliingia polisi, ualimu, ukarani, biashara. Mwanzilishi wa Mitsubishi, Iwasaki Yataro, alitoka familia ya huko eneo la Tosa ambayo ilikuwa imeshauza cheo chake cha samurai kwa sababu ya madeni, na zile almasi tatu kwenye nembo zinaunganisha alama ya familia yake na ya daimyo wa Tosa. Ukiona Fuso limepakia vitunguu barabara ya Morogoro, mbele pale kuna alama za koo za samurai.

Majina yananichanganya, nifanyeje?

Jina la ukoo linatangulia, kwa hiyo Oda ni ukoo na Nobunaga ni jina lake. Kuyatamka usiogope, irabu zao ni kama zetu, soma "wakizashi" au "Nobunaga" kama unavyosoma Kiswahili utaeleweka. Tatizo ni kwamba mtu mmoja anabadilisha jina mara nne maishani mwake, hilo vumilia tu.

Nianzie wapi sasa?

Usianze na bushido. Chukua enzi moja ikae kichwani, na mi ningekwambia anza na ile ya 1543 mpaka 1615, kutoka gobore la kwanza mpaka kuanguka ngome ya Osaka, kwa sababu ina Nobunaga, Hideyoshi na Ieyasu, ina Yasuke, ina Mwingereza William Adams aliyefika na meli ya Kiholanzi mwaka 1600 akawa mshauri wa Ieyasu, na mambo yanafuatana kwa sababu zinazoeleweka. Ukiishika hiyo rudi nyuma kwa Taira na Minamoto, halafu nenda mbele kwa Edo na mwisho wao. Chora ramani yako, hata mbaya, weka Kyoto, Kamakura, Edo ambayo ni Tokyo ya leo, Osaka na Kyushu, maana bila ramani vita zote zinafanana.

Makumbusho mengi makubwa yameweka picha za deraya na panga zao mtandaoni bure, la Taifa la Tokyo na la Metropolitan la New York kwa mfano, zoom uangalie kamba za hariri zinavyoshikilia vipande vya deraya. Ukibahatika kufika Japani nenda Himeji au Matsumoto, hizo ni ngome za zamani kweli, ya Osaka ni nzuri kwa nje ila jengo kuu ni la zege la mwaka 1931 na lina lifti.

Naweza kununua katana?

Ya mapambo unaweza, ila nyingi za bei rahisi ni chuma laini na mpini umeshikwa na skrubu moja nyembamba, ukiizungusha kwa nguvu ubapa unaruka. Usizungushe. Ya kweli kutoka Japani inakuja na karatasi ya usajili na ya kuitoa nchini inahitaji kibali. Kama unataka mazoezi, tafuta kendo au iaido, unaanza na fimbo ya mianzi au upanga wa mbao, na mwalimu atakufanya upige hatua moja hiyohiyo jioni nzima.